Kula bila nyama Dar, Unguja na Mombasa: wapi pa kukaa, nini cha kuagiza

Sahani bora isiyo na nyama jijini Dar es Salaam haimo kwenye menyu ya hoteli. Iko kwa mama ntilie anayejua kuunga kisamvu kwa nazi na karanga, na ukiikosa hapo iko kwenye sinia ya Kigujarati, yaani ya Wahindi wenye asili ya Gujarat, mitaa ya Kisutu. Ukivuka kwenda Unguja, bakuli la urojo linashinda vingi vinavyouzwa ufukweni kwa bei ya watalii. Mombasa ina mbaazi za nazi asubuhi na viazi karai jioni. Watu wengi walioacha nyama huhangaika kutafuta mgahawa wenye jani la kijani limechorwa mlangoni, na huku wanapita vibanda vinne njiani ambavyo nusu ya sufuria zake hazijaona mfupa.

Vibanda na migahawa hapa tunaipima kwa mambo matatu: ladha, uhakika kwamba hakuna kitu cha mnyama kilichojificha, na kama mpishi ameishughulikia mboga au ameichemsha tu ili isikosekane. Jambo la tatu ndilo linaloangusha wengi.

Uliza chungu, menyu iache

Ukisema "sili nyama," wapishi wengi wa pwani wanaelewa kwamba huli ng'ombe na mbuzi. Kuku bado yumo, samaki bado yumo, dagaa hata hawahesabiwi. Na ukiomba "mboga" tu, sufuria zote zimefunguliwa, kwa sababu mboga ni chochote kinachoteremshia ugali. Kwa hiyo taja kimoja kimoja, tena kwa upole: "Shikamoo mama. Mimi sili nyama, kuku, samaki wala dagaa. Leo una nini cha kunipa?" Swali hilo la mwisho lina kazi. Mpishi akiachiwa achague, atakutajia hata kile ambacho hakukiandika kwenye ubao.

Kisha uliza mambo matatu. La kwanza: mboga hii imeungwa na nini? Mchicha na kisamvu vya pwani mara nyingi hutiwa uduvi au kipande cha samaki mkavu, na uduvi uliosagwa huuoni kwa macho. La pili: umetia kidonge cha supu? Vidonge vyenye ladha ya kuku au ng'ombe viko kila duka, na mpishi hatavitaja mwenyewe kwa sababu kwake ni chumvi tu. La tatu: mafuta haya yamekaanga nini? Karai la chipsi ambalo saa moja iliyopita lilikuwa na samaki hutoa chipsi zenye harufu ya samaki, na hapo hakuna limau litakalosaidia.

Mtego mkubwa kuliko yote ni ukarimu. Umeagiza wali maharage, sahani imejaa, kisha dada anachota mchuzi wa nyama upawa mmoja anaumwagia juu ili "usile mkavu". Anafanya hivyo kwa nia njema na hakutozi. Zuia mapema: "Usiniwekee mchuzi, niongezee maharage." Ukingoja mpaka upawa uko hewani umechelewa. Angalia pia upawa wenyewe: penye sufuria sita na pawa mbili, ile ya rosti huingia kwenye maharage bila mtu kufikiria. Ukifika mapema, kabla foleni haijawa ndefu, unaweza kuomba uchotewe kwa kijiko safi na hakuna atakayekununia.

Mama ntilie: daraja la kwanza, lakini kwa saa

Chakula cha mchana huwa tayari kuanzia saa sita. Kufikia saa nane na nusu mboga za majani zimebaki za chini ya sufuria, zimepoteza rangi na zimejaa chumvi kwa sababu maji yameendelea kukauka. Nenda kati ya saa sita na saa saba. Kwa Dar, sahani ya wali au ugali, maharage na mboga ya majani kwa kawaida ni kati ya shilingi 2,000 na 3,000, na katikati ya mji hupanda kidogo.

Maharage ndiyo kipimo cha kibanda. Yaliyopikwa vizuri yamelowekwa usiku kucha, yamechemshwa mpaka punje ikibinywa kwa vidole inasagika bila kubaki kiini kigumu, kisha yameungwa kwa kitunguu kilichoiva hasa, nyanya, karoti, na tui. Tui jepesi hutangulia, maharage yakaiva humo. Tui zito huja mwisho, likikorogwa mfululizo hadi lichemke. Mpishi akiliacha lichemke peke yake kwa moto mkali, tui hukatika: unaona maji mepesi chini na chembe nyeupe zinazoelea kama maziwa yaliyochacha. Usichanganye hilo na mafuta mazuri ya nazi yanayojitokeza juu ya mchuzi mzito uliopikika muda mrefu. Mchuzi mzito wenye mng'ao ni alama nzuri. Mwepesi wenye chembe ni uvivu. Kibanda kingine huharakisha maharage kwa magadi mengi. Utayajua kwa ladha ya sabuni kwa mbali na maganda yaliyobambuka huku rangi imekolea kupita kiasi. Hapo hamia kwenye choroko.

Kisamvu ndicho chakula ambacho tungekivukia mji. Majani machanga ya muhogo hutwangwa kwenye kinu, siku hizi wengi huyanunua sokoni yameshasagwa, yakachemshwa saa moja au zaidi sufuria ikiwa wazi. Muda huo si urembo. Majani ya muhogo mabichi hutoa sianidi. Kutwanga huifungua na mvuke huichukua. Ndiyo maana kisamvu kilichopikwa haraka kina uchungu unaobaki nyuma ya ulimi na chembe zinazokwaruza. Kisamvu kilichoiva ni laini, kijani cha kukolea karibu na nyeusi, hakina harufu ya jani bichi. Baada ya hapo huja tui na karanga zilizotwangwa, dakika kama 20 kwa moto mdogo na mwiko usitulie, kwa sababu karanga hushika chini na harufu ya kuungua husambaa sufuria nzima. Ukisikia harufu hiyo, mpishi hawezi kuificha kwa pilipili, na wewe usijaribu kuivumilia.

Majani ya maboga, ambayo wengine huyaita msusa, hufuata. Kazi yake iko kabla ya moto: kila jani huvuliwa nyuzi za mgongoni kuanzia kwenye kikonyo. Kibanda kilichoruka hatua hiyo utakijua kwenye meno. Matembele ni rahisi zaidi na huvumilia mpishi wa kawaida. Mchunga ni wa wanaopenda uchungu. Huchemshwa, ukakamuliwa, kisha ukaungwa kwa nazi, na usipokamuliwa ni dawa, si chakula.

Nyanya chungu na bilinganya hupewa heshima ndogo kuliko zinavyostahili. Bilinganya iliyokaangwa kwanza vipande, ikaingizwa kwenye tui lenye ndimu na pilipili mbuzi, inakaa kwenye wali wa nazi bila kuhitaji msaada. Iliyotupwa mbichi kwenye mchuzi inanyonya mafuta yote na kubaki na ngozi kama mpira. Bamia vivyo hivyo: ikikatwa na kukaangwa kwa moto wa nguvu haitoi utelezi mwingi, ikichemshwa inatoa wote. Kama utelezi ndio unaoutaka, omba mlenda, nao ni wa ugali, usiulazimishe kwa wali.

Siku za makande usiziache. Mahindi yaliyokobolewa na maharage, yamelowekwa, yamechemka saa mbili mpaka tatu, kisha yameungwa. Vibanda vingi havipiki kila siku kwa sababu ya kuni na mkaa, kwa hiyo uliza siku gani na uweke sahani yako mapema. Katika makande hatari ni moja tu: wapo wanaotia vipande vya nyama kuipa "uzito". Watu wa Kilimanjaro wakikupikia kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, umepata mlo kamili usio na haja ya mboga ya pembeni. Mtori achana nao. Nyama imo ndani kwa asili yake.

Vya kuepuka bila kuuliza: bokoboko, ngano na nyama iliyopondwa mpaka huwezi kutenganisha; pilau, ambalo wali wake umeivia kwenye supu hata kama sahani yako haina kipande; na katlesi, viazi vyenye nyama ya kusaga au samaki katikati. Sambusa zipo za dengu na za viazi, lakini kwa nje hazitofautiani. Mwambie muuzaji aivunje moja mbele yako kabla hujalipa. Mombasa kuna pilau njeri, linalopikwa bila nyama tangu mwanzo, na hilo linafaa. Pilau lililochambuliwa nyama si njeri.

Kisutu: sinia la Kigujarati

Mtaa wa Kisutu na vichochoro vyake, kwenye mahekalu ya Kihindu, ndiko jijini unakokula bila kuuliza swali la nyama hata mara moja. Migahawa ya mboga tupu ya Wagujarati haipiki nyama, samaki wala mayai. Mafuta ni salama, sufuria ni salama, upawa ni salama. Kwa mtu aliyechoka kuhoji, hilo peke yake lina thamani.

Agiza sinia, si sahani mojamoja. Kwa kawaida hubeba wali, chapati nyembamba, dali, mboga mbili, papadi, achari, kitu kimoja cha kukaanga au cha mvuke, kitu kitamu, na bilauri ya mtindi mwepesi wenye chumvi na bizari nyembamba. Sehemu nyingi dali, mboga na chapati huongezwa bila malipo mpaka ufunike sinia kwa mkono. Anza kidogo. Kosa la mgeni ni kujaza wali mwanzoni akakosa nafasi ya mzunguko wa pili, ambao ndio wenye chapati za moto.

Ubunifu uko kwenye vile vidude vya pembeni. Dhokla ni unga wa dengu uliochachuka ukapikwa kwa mvuke, halafu ukamwagiwa mafuta yaliyopasuliwa mbegu za haradali. Nzuri ni nyepesi na yenye matundu, mbaya ni nzito na inakwama kooni. Patra inatufundisha kitu sisi tunaolima magimbi na kutupa majani: jani hupakwa uji mzito wa unga wa dengu wenye ukwaju, yakapangwa tabaka kwa tabaka, yakaviringishwa, yakapikwa kwa mvuke, yakakatwa vipande na kukaangwa. Ukwaju na mvuke wa kutosha vina kazi, maana jani la magimbi lisiloiva sawasawa huwasha koo. Ukihisi muwasho kwenye kipande cha kwanza, acha kilichobaki.

Kuna vyakula ambavyo Wahindi wa Afrika Mashariki walivizaa hapa hapa, na hivyo ndivyo tunavyovipa alama za juu. Mahindi ya nazi, wao huita makai paka: vipande vya gunzi kwenye mchuzi mzito wa tui, karanga, manjano na giligilani. Kula kwa mikono, hakuna njia nyingine. Muhogo wa pilipili, wanaouita mogo: unachemshwa, unakaangwa, kisha unarushwa kwenye kitunguu saumu, pilipili, nyanya na ndimu. Muhogo usipochemshwa kwanza unakuwa mgumu katikati. Ukichemshwa kupita kiasi unanyonya mafuta na kuvunjika. Ule mzuri una ukoko unaosikika.

Angalizo mbili. Kwa asiyetumia maziwa, samli iko kila mahali: juu ya chapati, ndani ya dali, kwenye tamutamu. Sema "bila samli" kabla chapati haijatoka jikoni, na uache mchuzi wa njano unaoitwa kadhi, kwani huo ni mtindi na unga wa dengu. Pili, wapo Wajaini, wafuasi wa dini ya Kihindi ya Ujaini, wasiokula mizizi, yaani viazi, vitunguu na vitunguu saumu, na migahawa mingi ya Kigujarati inajua kuwapikia. Wakiondoa vitunguu hutia mvuje, utomvu mkavu wenye harufu kali, kwenye mafuta ya moto kuziba pengo. Mtu mwenye tumbo lisilopenda vitunguu aombe upishi huo. Atashangaa jinsi ladha isivyopungua. Mvuje wa dukani lakini mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, kwa hiyo anayekwepa ngano aulize.

Mapungufu ya Kisutu: dali ya Kigujarati hutiwa sukari au sukari guru, na baadhi ya migahawa imezidisha mpaka inakaribia kuwa juisi. Na ukifika saa tisa, chapati zimepoa. Chakula cha mchana hapa ni saa sita na nusu hadi saa nane.

Unguja: urojo, kwa masharti

Urojo wengine huuita mix, na jina hilo linaeleza hatari yake. Mchuzi wenyewe ni wa unga, manjano, embe bichi na ndimu. Kwa upishi wa kawaida hauna nyama. Kinachoingizwa humo ndicho cha kuangalia: viazi vya kuchemsha, kachori, bajia, chipsi nyembamba za muhogo, chatini ya nazi, pilipili, na pia yai na mshikaki. Agiza hivi: "Nipe urojo, viazi, kachori na bajia, usinitilie mshikaki wala yai." Muuzaji haoni ajabu, maana wateja wengi huchagua. Angalia tu mshikaki usichomolewe kijiti juu ya bakuli lako.

Ubora wa mchuzi unaujua kabla ya kuonja. Unga hukorogwa kwanza na maji baridi usifanye madonge, ndipo unamiminwa kwenye maji yanayochemka yenye embe, ukaachwa utokote mpaka ladha ya unga mbichi iondoke, kama robo saa na zaidi. Mchuzi uliopikwa vya kutosha unang'aa na kushika kijiko kwa utando mwembamba. Ambao haukuiva ni mweupe kwa njano, mzito, na unaacha vumbi mdomoni. Uchachu utoke kwenye embe. Msimu embe likiadimika wengine hutegemea ndimu tupu au ukwaju, na uchachu unakuwa wa upande mmoja.

Bajia za urojo bora ni za kunde zilizolowekwa, zikamenywa maganda na kusagwa bila maji mengi. Zinatakiwa kuingia bakulini dakika ya mwisho. Kibanda kinachopanga mabakuli yakiwa tayari yamejaa kinauza bajia zilizovimba. Kachori ya hapa ni kiazi kilichopondwa na ndimu na pilipili, kikachovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa. Ukibeba nyumbani, omba mchuzi kwenye mfuko wake na vikavu kwenye karatasi. Urojo uliochanganywa ukapanda daladala hadi Fuoni ni uji.

Wauzaji wa mitaani hutoka alasiri. Bustani ya Forodhani, ambayo ukarabati wake chini ya taasisi ya Aga Khan ulikamilika 2009, hupanga meza magharibi na ni nzuri kwa kutembea, lakini kwa asiyekula nyama si mahali pa kwanza. Meza nyingi ni za samaki na mishikaki, na bei hutamkwa kulingana na uso. Kinachofaa pale ni juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, urojo, na ile piza ya Zanzibar ya mboga: unga uliotandazwa mpaka unapitisha mwanga, ukajazwa kitunguu, hoho, nyanya na jibini, ukakunjwa pembe nne. Yai ndilo linaloshika vitu pamoja. Ukilikataa, ongeza jibini na umwambie mpishi apunguze nyanya, vinginevyo maji yake hupasua unga na unaokota mboga kwenye chuma. Chuma hicho hicho hupika ya nyama. Omba akifute na kukipaka mafuta mapya.

Wakati wa Ramadhani migahawa mingi ya Unguja hufungwa mchana, lakini jioni ya mwezi huo ndiyo yenye mapishi mengi ya mimea kuliko jioni nyingine za mwaka. Magimbi ya nazi, mihogo ya nazi, ndizi mzuzu, viazi vitamu, shelisheli, kunde, tambi, kaimati. Uliza sinia lipi halina nyama, kwa kuwa mihogo na ndizi hupikwa kwa namna zote mbili. Mkate wa kumimina ni wa mchele na tui, ingawa wapishi wengi hutia ute wa yai ili uumuke.

Mombasa, na vingine kwa haraka

Asubuhi Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, agiza mbaazi na mahamri kati ya saa moja na saa nne. Mbaazi kavu hulowekwa usiku, huchemshwa hadi zipasuke kidogo, kisha hukaushiwa tui zito na kitunguu na pilipili. Ziwe nzito kiasi cha kubaki juu ya hamri lililochanwa. Mbaazi zinazotiririka zimeongezwa maji baada ya wateja kuzidi. Hamri zuri lina iliki na tui ndani ya unga wenyewe na ukilichana lina uwazi katikati. La jana hurudishwa kwenye mafuta kupashwa moto. Utalijua kwa karatasi kulowa.

Jioni ni viazi karai: kiazi cha kuchemsha, uji wa unga wenye manjano, karai la moto, na mchuzi wa ukwaju wa pilipili. Hapa mafuta ndiyo yote. Mkaangaji wa viazi na bajia tu ni bora kuliko mwenye samaki kwenye karai hilo hilo. Pale ufukweni Mama Ngina, kama ilivyo Coco Beach kwa Dar, mihogo ya mkaa au ya mafuta yenye pilipili na ndimu ni chaguo salama. Chagua mhogo mweupe usio na mistari ya buluu au nyeusi ndani. Huo wenye mistari umekaa siku nyingi baada ya kung'olewa.

Chipsi masala, chipsi zilizorushwa kwenye nyanya, vitunguu, viungo na dania, ni ubunifu wa kweli wa Kenya na siku hizi unapatikana Dar pia. Chapati madondo, yaani chapati na maharage, haihitaji maelezo zaidi.

Migahawa ya Kihabeshi ni hazina kwa asiyekula hata maziwa. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa bila nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo siku hizo sinia la mfungo, beyaynetu, liko tayari: dengu nyekundu za pilipili, dengu za manjano, mboga za majani, kabichi na viazi, na shiro ya unga wa dengu, vyote juu ya injera, mkate wao mwembamba uliochachuka. Siku nyingine sema wazi "chakula cha mfungo", la sivyo mboga hukaangwa kwa samli yao ya viungo. Shiro inayoitwa bozena ina nyama.

Kwa kundi, peleka oda kwa mama ntilie siku moja kabla na umwachie sehemu ya fedha. Kilo moja ya mbaazi au choroko kavu na nazi mbili kubwa hulisha watu 8 hadi 10 wakiwa na wali. Ongeza mafungu ya kisamvu na bilinganya kilo moja na nusu. Mpishi aliyepewa usiku mmoja hupika vizuri kuliko yule unayemshtukiza saa saba na watu tisa nyuma yako.

Hoteli, sasa. Chakula cha asiyekula nyama kwenye hoteli nyingi za kati na za juu ni karoti, hoho na kabichi ndani ya mchuzi wa nyanya ya kopo, au tambi zenye mchuzi huo huo, kwa bei ya kulisha familia kwa mama ntilie. Kuna zinazojitahidi, na zinajulikana kwa jambo moja: mpishi hutoka jikoni kuzungumza nawe. Ukiona mhudumu anarudi na jibu la "tunaweza kukutolea kuku," usiendelee kubishana na menyu. Muulize kwa sauti ya chini wafanyakazi wamepikiwa nini leo. Mara nyingi ni ugali, maharage na mchicha, na kwa heshima kidogo na bahasha ndogo zaidi, sahani yake hufika mezani.